Roboti ya Mtoto Ikigoma, Tazama Betri Kwanza

Jumamosi hiyo hapa Lanet, gari la roboti la mpwa wangu lilikuwa likisogea shubiri moja, linazima, linawaka upya. Programu ya bodi yake ya Arduino alikuwa ameiandika mwenyewe, na kila gari likikwama alirudi kwenye kompyuta kufuta mistari isiyo na kosa. Nikampigia muuzaji wa vifaa, naye akajibu kwamba huyo mtoto hajui kuprogramu. Hilo sijamsamehe.

Aliyetuokoa ni dadake mdogo. “Shangazi, mbona taa ya bodi inafifia magurudumu yakitaka kuzunguka?”

Basi, nawapa hatua tatu za kumwanzisha mtoto. Ya kwanza: wadogo waanze kuprogramu kwa Scratch. Ni ya bure, na ukishaipakua haidai intaneti.

Ya pili: tenganisha umeme. Wauzaji hupenda kukutilia betri ya mraba ya volti 9, nami siipendi hata kidogo. Inafaa vitu vinavyotumia umeme kidogo, kama king’ora cha moshi. Mota mbili zikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa mpigo, volti zinaporomoka, bodi inazima na kuanza programu upya. Mtoto anadhani amekosea, kumbe mashine ina njaa. Betri hiyo iachie bodi peke yake. Mota zipe mawe manne ya AA. Halafu, na hapa ndipo wengi hukwama, unganisha waya hasi wa mawe na waya hasi wa bodi. Chanya zitengane, hasi zikutane. La sivyo amri za bodi hazitaeleweka upande wa mota, na gari litarukaruka au litanyamaza kabisa. Ajabu ni kwamba tunahangaishwa na betri Nakuru hii hii, ambako mawe ya Eveready yalitengenezwa hadi kiwanda kilipofungwa 2014!

Ya tatu ni akili unde. Tulifungua Teachable Machine ya Google, tukaifunza majani ya mahindi: mazima tuliyapiga picha shambani, yaliyoliwa na viwavi tukayapigia mezani. Ikafaulu vizuri, mpaka yule mdogo alipoielekezea meza tupu nayo ikaapa kwamba ina viwavi. Tulicheka mno. Kakake hakucheka kwa muda mrefu. Aliyakusanya majani mabovu, akatoka nayo kwenda kuyapiga picha upya shambani.