Somo la 34: Kizimamoto cha Mjomba

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa kiangazi. Barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare ilikuwa kavu na yenye vumbi jingi. Dereva mmoja wa Kasongo alikuwa akipakia motokari yake ya mizigo: magunia ya chumvi, sabuni, vitambaa na mapipa mawili ya esansi. Juu ya magunia walikwisha panda abiria: mama wawili na watoto wao wachanga, na mzee mmoja mwenye kuku wake. Mtoto wa dada yake dereva, mvulana wa darasa la tano, alisafiri naye, maana shule ilikuwa imefungwa.

“Kwanza tumtazame askari wetu,” dereva akasema.

“Askari yupi, mjomba?”

Dereva akaonyesha chupa nyekundu ya chuma iliyofungwa nyuma ya kiti. “Huyu hapa. Hali, hanywi, halali. Lakini tusipomtazama, siku ya vita atatuacha.”

Ile chupa ilikuwa kizimamoto. Ndani yake mna unga mkavu na hewa iliyoshindiliwa kwa nguvu. Mtu akibana mkono wake, hewa husukuma unga nje, nao unga huzima moto. Juu yake pana saa ndogo yenye mshale. Mshale ukisimama katika rangi ya kijani, nguvu ipo. Asubuhi hiyo mshale ulikuwa umeanguka katika rangi nyekundu, na uzi wa muhuri ulikuwa umekatika.

“Nani amekigusa?” dereva akauliza.

Watu wote wakamtazama mpakizi, kwa sababu usiku ule alilala ndani ya motokari. Mpakizi akainamisha kichwa. Moyo wa mvulana ukadunda.

“Si yeye, mjomba,” akasema. “Ni mimi. Siku ya Jumapili nilikibana kidogo tu, nione kama kinafanya kazi. Unga kidogo ukatoka, nikakiacha mara moja. Mshale ulikuwa bado katika kijani. Nikadhani hakuna neno.”

Dereva hakumpiga. Akamwambia: “Ukibana kidogo, punje za unga hubaki katika mlango wa chupa, nao haufungi tena sawasawa. Hewa hutoka polepole, mchana na usiku, bila sauti. Baada ya siku chache unga upo, nguvu haipo. Kizimamoto hatukijaribu kwa kubana. Tunakitazama kwa macho na kukishika kwa mikono. Kikibanwa hata mara moja, sharti fundi akijaze upya.”

Abiria wakanung’unika, maana jua lilikuwa linapanda. Lakini dereva hakuondoka. Akaenda kwa rafiki yake mwenye duka, aliyekuwa na vizimamoto viwili, akaazima kimoja. Akatazama mshale, muhuri na mpira. Kisha akakipindua kichwa chini, akakitikisa. “Mashimo ya barabara hushindilia unga chini ya chupa, kama unga wa muhogo katika gunia,” akasema. “Ukikipindua, unga hulegea.”

Safari ikaanza. Alasiri, porini, moshi ukatoka katika injini. Dereva akasimamisha motokari, akazima injini.

“Wapeleke watu mbali, kule upepo unakotoka!” akapaza sauti.

Mvulana akawashusha mama na watoto, akamshika mzee mkono. Dereva akafungua kifuniko cha injini kidogo tu, maana hewa nyingi huongeza moto. Akatoa pini. Akasimama mbali kidogo, mgongo wake kwenye upepo, akaelekeza mdomo wa mpira chini, kwenye shina la moto, wala si kwenye ndimi zake. Akabana, akapunga kushoto na kulia. Kizimamoto kidogo hutoa unga kwa sekunde chache tu. Unga ulipokwisha, moto nao ulikuwa umezimika. Waya mmoja na mpira mmoja viliungua. Mapipa ya esansi hayakuguswa.

Mzee akamwambia mvulana: “Kama ungalinyamaza asubuhi, jioni hii tungalikuwa na chupa tu.”

Tujifunze

Kizimamoto ni cha moto mdogo unaoanza. Esansi ikimwagika barabarani, kimbieni mbali. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange katika Kivu ya Kusini, motokari ya mafuta ilipinduka. Watu wengi waliikaribia. Moto ukalipuka, na watu zaidi ya 200 wakafa.

Kila mwezi mwenye kizimamoto atazame mambo haya:

1. Mahali pake: kionekane, kisifichwe na mizigo.
2. Mshale: uwe katika kijani.
3. Pini na muhuri: viwepo, visikatike.
4. Mpira na mdomo: visipasuke, wala nyigu wasijenge humo nyumba ya udongo.
5. Chupa: isiwe na kutu wala kubonyea.
6. Uzito: kisiwe chepesi kuliko zamani.

Vizimamoto vya hewa ya kaboniki havina saa. Hivyo hupimwa kwa mizani: uzito ukipungua, hewa imetoka.

Kila mwaka fundi akikague. Baada ya miaka mingi chupa yenyewe hupimwa. Kwa sheria zinazofuatwa Marekani, chupa ya hewa ya kaboniki hupimwa kila miaka 5, na ya unga kila miaka 12. Fundi huijaza maji, kisha huyasukuma kwa nguvu kuliko ile ya kazi ya kila siku. Kwa nini maji? Hewa iliyoshindiliwa hupasua chupa mbovu kwa kishindo na kurusha vipande. Maji hayashindiliki hivyo. Chupa ikipasuka, maji huvuja tu.

Maswali

1. Kwa nini mshale ulianguka, ingawa mvulana alibana kidogo tu?
2. Kwa nini watu walimtazama mpakizi? Je, walifanya haki?
3. Kwa nini dereva alikipindua kizimamoto?
4. Mdomo wa mpira huelekezwa wapi?
5. Tafuteni kizimamoto kilicho karibu nanyi. Msikiguse pini yake. Tazameni mshale, kisha mwandike mlichokiona.