Jamvi Kwanza, Mbao Baadaye

Wadogo zangu, nyumba ikikaribia kuisha swali huwa ni lilelile: "Dada, sakafuni niweke mbao za mninga au za mtiki?" Swali zuri, ila lina lingine linalotangulia: je, jamvi la zege limekauka? Sisi wa Dar es Salaam na pwani yote tuna unyevu wa kutosha hewani. Ukiongeza na ule wa kwenye zege, mbao zitavimba na kuinuka hata kama umenunua mti wa bei kubwa kuliko yote.

Zege halina haraka. Mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo jamvi la inchi nne lipe miezi minne, na zaidi kama masika yamelinyeshea. Chukua kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa utepe wa gundi kingo zote, ukiache siku nzima au zaidi. Ukifunua ukakuta matone, au zege limebadilika rangi kuwa jeusi, subiri. Hata ukikuta pakavu, mwite fundi mwenye kipimo cha unyevu athibitishe kabla hujatoa hela ya mbao. Muda huohuo shughulikia dawa ya mchwa, mabomba yajaribiwe kwa maji, madirisha yawekwe vioo. Mbao ziingie kazi za maji zikiwa zimekwisha.

Sasa tuchague. Mninga unapendwa kwa sababu hausinyai wala kuvimba sana. Mtiki uliokomaa hustahimili unyevu na mchwa. Paini ya Mafinga ni nafuu, lakini ni laini. Miguu ya viti itaiachia alama. Zipo pia mbao za tabaka, mti halisi juu na plaiwudi chini. Hizi hutulia vizuri pwani, ila huwezi kuzipiga msasa mara nyingi kama mbao kamili. Lamineti ina picha tu ya mti. Ikichakaa unaing'oa na kuweka nyingine.

Kwenye hesabu, ongeza asilimia kumi ya vipande vitakavyopotea kwenye kukata. Chumba cha mita 4 kwa 5 ni mita 20 za mraba, nunua 22. Muulize muuzaji kama mbao zimekaushwa kwenye tanuri, na udai risiti. Zikifika, usikubali zipigiliwe siku hiyohiyo. Zipangwe ndani ya chumba chenyewe, na vipande vyembamba katikati ili hewa ipite, mpaka zizoee hali ya hapo. Za tabaka huhitaji siku mbili tatu, mbao kamili wiki moja au mbili.

Siku ya kazi, simamia jambo hili kwa macho yako: fundi aache nafasi ya milimita kama 10 kati ya mbao na ukuta, pande zote. Mbao hupanuka kwa upana masika yakija, na zikikosa pa kwenda zitainuka katikati ya chumba. Nafasi hiyo itafunikwa na skatingi, haitaonekana. Milango nayo ikatwe chini, maana sakafu itapanda.

Jikoni na bafuni weka vigae, mdogo wangu, usijitese. Na kabla hujaamua lolote, kaeni kikao na wote mnaoishi nyumbani, pamoja na dada wa kazi. Sakafu ya mbao haipigwi deki kwa ndoo ya maji. Inafagiliwa, kisha inafutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa sawasawa. Kama mnaona hilo halitawezekana, pesa hiyo ipelekeni kwenye vigae kwa moyo mweupe. Kama linawezekana, anza leo na kile kipande cha nailoni.