Maganda ya Mpunga Yasitupwe

Nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, iwe Kasongo au Kabambare, hukosi lundo la maganda lisilo na mwenyewe. Mkulima anayesumbuliwa na viwavi wa shina aanzie hapo.

Kwanza hakikisha adui ni kiwavi. Suke likitoka jeupe na tupu, livute. Likichomoka bila ubishi na chini limetafunwa, pasua shina kwa ukucha: utakuta kinyesi kama unga wa mbao, pengine na kiwavi mwenyewe. Likigoma, tafuta sababu nyingine, ukame kwa mfano.

Mpunga hunywa silikoni, madini ya udongoni, kuliko mazao mengi na kuitandaza kwenye ngozi ya jani na shina. Shina hukakamaa, meno ya kiwavi huchakaa, naye hukawia nje, ambako siafu na buibui humpata. Mpunga umelimwa Kasongo tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, zamani kwenye msitu mpya uliofyekwa na kuchomwa. Siku hizi shamba lililo karibu na mji hurudiwa mapema, na udongo mwekundu uliooshwa na mvua huwa na silikoni haba. Maganda yanayo tele.

Ufundi uko kwenye kuyachoma yawe majivu ya kurudisha shambani. Moto mkali huigeuza silikoni ikawa ngumu kuyeyuka, kwa hiyo usimwage mafuta wala usipepee. Simamisha bomba la bati lililotobolewa, tia makaa ndani, zungushia maganda, yaungue taratibu. Majivu yakibaki meusi kidogo si neno. Ukiyakusanya, funga kitambaa puani. Vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Kipimo cha wastani ni kilo 1 ya majivu kwa mita 10 za mraba. Lakini tani 1 ya mpunga hutoa kama kilo 200 za maganda, na hizo hubaki kilo 40 hivi za majivu, za kutosha mita za mraba 400 tu. Kwa hiyo omba maganda ya wenzako, kisha anza na kipande kinacholiwa zaidi. Na mabua usiyachome: yafukie kwa jembe mara baada ya kuvuna. Silikoni hurudi udongoni, na viwavi waliojificha ndani hufa wengi.

Changanya majivu na udongo wa juu kabla ya kupanda. Hii ni kinga; mpunga ukishatoboka, umechelewa. Usiyachanganye na urea, nguvu yake itapotelea hewani. Urea nyingi, hata peke yake, hulainisha shina.

Acha mstari mmoja bila majivu. Masuke yakitoka, hesabu meupe katika kila 100, huku na huku, ndipo uamue kama lundo la msimu ujao linastahili jasho lako.