Somo la Kiingereza: Neno "Inflammable" na Jamaa Zake

Wanaojifunza Kiingereza hufundishwa mapema ya kwamba herufi "in" zikitangulia neno, hulikanusha. "Correct" ni sahihi. "Incorrect" si sahihi. Kanuni hii ni njema, lakini mwenye kuifuata kila mahali pasipo kuuliza aweza kujiunguza.

Thika ni mji wa viwanda, na Ruiru, ulio kati ya Thika na Nairobi, una viwanda vyake pia. Katika miji kama hii mapipa ya petroli, spiriti na rangi ni vitu vya kila siku. Huenda pipa likaandikwa "inflammable". Mchukuzi ajuaye kwamba "flame" ni mwali wa moto, naye akumbuka kanuni ya shuleni, atadhani kilichomo hakiwaki, akawasha sigara karibu nalo. Kumbe maana yake ni kinyume: kitu hicho hushika moto upesi. Kisichoungua huitwa "incombustible". Maneno haya mawili huanza sawa, lakini moja laonya na la pili latuliza.

Sababu ni hii: Kiingereza kilirithi kutoka Kilatini "in" mbili. Moja hukanusha, ya pili maana yake ni "ndani". "Inflammable" ina ile ya pili, kwani asili yake ni kutia moto ndani ya kitu.

Mkulima naye hukutana na hizo mbili. Mbuni ulio "infected" umeingiwa na ugonjwa; dawa iliyo "insoluble" haiyeyuki katika maji. Ruiru ndipo penye kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa mwaka 1985 aina iitwayo Ruiru 11, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani.

Tena, herufi hizo hubadilika. Mbele ya "p" huwa "im": "impossible" ni jambo lisilowezekana, bali "import" ni kuingiza bidhaa nchini. Mbele ya "r" huwa "ir": "irregular" ni kisicho cha kawaida, bali "irrigate" ni kutia shamba maji.

Jambo hili si geni kwa Waswahili. Herufi "ki" katika "kitoto" zaonyesha udogo, lakini kitabu si tabu ndogo.

Hata Waingereza wenyewe waliona hatari hiyo. Mwaka 1959 Shirika la Viwango la Uingereza lilihimiza watu waandike "flammable" kwa kitu kiwakacho upesi, na "non-flammable" kwa kisichowaka. Hata hivyo neno la zamani halijatoweka.

Basi, aonaye "inflammable" au "flammable" ajue ni mamoja: moto ukae mbali. Alama ya mwali juu ya chombo yasema vivyo hivyo. Na neno likitatiza, heri kumwuliza msimamizi au kufungua kamusi kabla ya kufungua pipa.