Gari Bovu Kuliko Yote ni Lipi?

Swali: Barazani kwetu Malindi tunabishana. Wenzangu wanasema Nyayo Pioneer ndilo gari bovu kuliko yote duniani. Ni kweli?

Jibu: Hapana, mnalionea. Rais Moi alikiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 kiunde gari, na mwaka 1990 yakazinduliwa matano ya majaribio, yenye kasi ya hadi kilomita 120 kwa saa. Fedha za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana. Gari lisilouzwa halikumtia mnunuzi hasara. Bovu kwangu ni Ford Pinto ya Marekani: tangi la mafuta lilikaa nyuma kabisa, na likigongwa huko liliweza kupasuka na kuwaka moto. Mwaka 1978 Ford iliyarudisha karakana magari takriban milioni 1.5, Pinto na nduguye Bobcat.

Huku kwetu, Kilifi hadi Mambrui, adui mkubwa wa gari lolote ni chumvi ya bahari. Bodi inang'aa, chesisi imeoza. Kabla hujalipia gari lililotumika, ingia uvunguni na bisibisi, ugonge chesisi karibu na magurudumu ya nyuma. Magamba ya kutu yakiporomoka, usinunue, hata ukipunguziwa bei.