Ua Lililolala kwa Baridi

Mwishoni mwa Februari, majira ya baridi yakielekea ukingoni, tulikwenda na marafiki katika bustani ya Kew, London, kutazama maua meupe ya *Galanthus nivalis*. Tulifika mapema, nyasi zingali nyeupe kwa sakitu. Mimea yote ilikuwa imelala chini. Rafiki mmoja alisema imekwisha kufa; nami nilisadiki. Adhuhuri tulipopita tena, mashina yalikuwa yamesimama wima.

Sababu ni hii. Maji yaliyo baina ya seli ni karibu safi, hivyo huganda kwanza. Utomvu wa ndani, wenye sukari, huganda kwa shida. Barafu ya nje huvuta maji kutoka ndani, seli hunywea, na utomvu uliobaki huzidi kukolea na kukataa kuganda. Barafu ingalifanyika ndani ya seli, ingalipasua utando, na mmea haungaliinuka tena. Jua likipanda, barafu huyeyuka na maji hurudi.

Darasani, tumbukiza kipande chembamba cha kiazi ulaya katika glasi ya maji yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kikilegea, kirudishe katika maji matupu. Chumvi hapa imeshika nafasi ya barafu.