Maji Kwanza, Udongo Baadaye

Wanachuo wenzangu, mwaka jana nikiwa TP katika shule moja ya kata huko milima ya Usambara, binti wa kidato cha kwanza aliteleza kwenye njia ya kuingilia shuleni, akavunjika mkono. Ilikuwa masika, na njia ilishageuka mtaro.

Nikajifanya mwanaharakati. Jumamosi nilikusanya wanafunzi, tukabeba udongo kwa ndoo na karai, tukajaza mashimo yote. Picha nikazirusha kwenye grupu la darasa, mkanipa hongera nyingi tu. Wiki mbili baadaye ikanyesha mvua ya maana, udongo wetu wote ukaishia kwenye mahindi ya mzee jirani. Akaja shuleni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, halafu akasema bila hasira: "Mwalimu, umeyalisha maji. Hujayatoa njiani."

Niliona aibu. Ndipo nikaanza kusoma jinsi wenzetu wanavyotunza njia ndefu za miguu. Iliyonifundisha zaidi ni Bibbulmun Track ya Australia Magharibi. Ina urefu wa kilomita 1,000 hivi, kutoka Kalamunda, pembezoni mwa Perth, hadi Albany. Inapita kwenye misitu ya miti ya jarrah na karri, kisha inafika pwani ya kusini. Ilifunguliwa mwaka 1979, na njia inayotumika leo ilikamilika mwaka 1998. Sehemu kubwa ya matunzo yake inafanywa na watu wa kujitolea. Nilijifunza mambo matatu.

La kwanza ni maji. Njia iliyokanyagwa sana inakuwa ngumu, hainywi maji, tena iko chini kuliko ardhi ya pembeni. Kwa hiyo maji yanaifuata. Kadiri yanavyoteremka mbali bila kutolewa ndivyo yanavyopata kasi, na maji yenye kasi yanabeba udongo mwingi. Kujaza mashimo peke yake ni kazi bure. Unaweka makingamaji: gogo au mstari wa mawe uliokatisha njia kimshazari, ili maji yatoke upande wa bondeni kabla hayajapata nguvu. Yatoke kwenye majani, siyo kwenye shamba la mtu!

La pili ni mwenye zamu. Bibbulmun imegawanywa vipande, na kila kipande kina watu wake. Wanarudi mara kwa mara kufyeka, kuondoa matawi yaliyoanguka na kukagua alama za njia. Hawangoji tukio wala kamera.

La tatu ni viatu. Misitu ile inaliwa na ugonjwa wa mizizi unaosababishwa na kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi, ambacho husafiri kwenye udongo na maji. Ndiyo maana kuna vituo vya kusafishia buti njiani. Hata anayekuja kusaidia anaweza kubeba madhara. Hapo nikayakumbuka mahindi ya yule mzee.

Tulianza upya. Mzee mwenyewe alituonyesha mahali maji yanapopenda kupita, tukaweka makingamaji matano, kila mkondo ukapewa lake la kuzibua. TP ikaisha, nikarudi chuoni.

Mvua za mwaka huu nilimpigia mwalimu mwenyeji wangu. Matatu yanafanya kazi. Mawili yamejaa tope, kwa sababu mkondo uliokuwa nayo ulihitimu na hakuna aliyekabidhiwa. Kosa hilo ni langu. Niligawa kazi kwa wanafunzi waliokuwepo, sikuweka utaratibu kwa watakaokuja.

Sisi wa elimu tunafundishwa kuandaa somo la dakika 40. Kuandaa kitu kitakachoendelea wakati mwalimu hayupo ni somo jingine kabisa. Basi siku ya usafi ijayo hapa chuoni, kabla ya kupiga picha na fyekeo mkononi, tuulizane: nani anarudi hapa mwezi ujao? Kama hakuna jina, bado hatujaanza kazi.